Folda Niliyoigawa

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Sumbawanga, na kabla ya haya ninayoyasimulia nilikuwa fundi mwenye mdomo. Mtu akiniletea flash akilalamika kwamba mafaili yake hayafunguki, nami nikaichomeka nikakuta kumejaa vialama vyenye mshale, njia za mkato tupu, nilikuwa simwachi. "Bwana mkubwa, umeniletea kibao cha barabarani. Kibao kilichoandikwa Msanzi si Msanzi. Mji wenyewe umeuacha kwenye kompyuta yako nyumbani." Waliokuwepo dukani walicheka, na mwenye flash akacheka nao kwa aibu. Nilijiona mimi ndiye mimi. Mganga hajigangi, wahenga walisema, lakini mimi nilidhani waliwasema wengine.

Baba yangu alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo mpaka alipostaafu. Hakusema faili, alisema jalada, na hakuvumilia Kiswahili cha kuchanganya. Ukimwambia umeprinti kitu atakuuliza umekifanya nini, na ataendelea kuuliza mpaka useme umekichapa. Tulikua tukiyapima maneno kabla hayajatoka. Tulizaliwa watatu. Kaka yetu mkubwa ni mwalimu, yuko Msanzi. Mimi ni wa pili. Wa tatu ni dada, kitinda mimba, na haya yote yanamhusu yeye.

Dada alikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu alipoamua kwenda Kaoze, kule bondeni, kuishi na mwanamume wa familia ya wafugaji waliohamia kutoka upande wa Shinyanga. Hakutoroka. Alikuja nyumbani mchana kweupe, akapiga goti mbele ya baba, akamwambia. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa. Mimi nilifika mlangoni wakati anamalizia, nikasikia tu kwamba kuanzia siku hiyo hana binti. Miaka minane dada hakuupanda mlima kuja kwetu, na baba hakulitaja jina lake. Mama ndiye aliyekuwa akishuka kumwona kila baada ya mavuno, akimdanganya baba kwamba anakwenda kwa ndugu zake Ilemba. Nadhani baba alijua. Ila hakuuliza, na yeye alikuwa mtu wa kuuliza kila kitu.

Kisha koo likamshika. Lilianza kwa kukwaruza, tukalilaumu baridi, maana kwetu baridi hulaumiwa kwa kila kitu. Mama akamchemshia tangawizi mpaka nyumba nzima ikanuka tangawizi. Alipofikishwa hospitali ya Mbeya wakamwambia sanduku la sauti lazima litolewe. Ataishi, labda, lakini hatasema tena. Wakampa majuma matatu arudi nyumbani ajiandae.

Siku aliyorudi aliniita chumbani kwake. Nilikuwa nimemwekea humo kompyuta ya mezani ili aandike barua zake za pensheni na kucheza karata. Akaigusa kwa kidole akaniuliza, "Mashine hii inaweza kuhifadhi sauti?"

"Inaweza, baba."

"Kwa miaka mingapi?"

"Hata mia."

Ah, mdomo wangu mimi.

Nikamfungia kinasa sauti. Lakini baba hakutaka tuwe tunaingia chumbani kwake kusikiliza, alisema hapo ni pa kuugulia, si ukumbi wa mikutano. Ndipo nikajishaua na mtandao wa nyumbani. Ruta ilikuwa sebuleni juu ya kabati. Nikavuta waya kutoka pale hadi kwa baba, na mwingine nikaupitisha dirishani mpaka nyumba ya uani ninakoishi, kwa sababu kuta za tofali za kuchoma zilikuwa zinaumeza ule wa hewani. Adui yangu mkubwa alikuwa mama. Kila kitu kilichowahi kuingia nyumba ile, redio, televisheni, jagi la maji, alikivika kitambaa cha kufuma, na ruta nayo akaivika. Inapata joto, inazima, mtandao unakatika, mimi nakuja mbio na vifaa vyangu, kumbe ni kitambaa. "Mama, inahitaji kupumua!" Naye ananijibu kwa Kifipa kwamba kitu kisicho na mapua kinapumulia wapi.

Baba alijifungia mchana mara tatu, siku tatu tofauti. Tulimsikia akikohoa, akinyamaza, akianza tena. Ujumbe mmoja kwa kila mtoto. Akayaandika majina ya mafaili mwenyewe, kwa kidole kimoja, na nikaja kuyaona yamepangana: Mkubwa. Wa pili. Mwanangu.

Niliposoma hilo la tatu nilimtazama. Hakunitazama. Alisema, "Kila mtu asikilize la kwake. La mwenzenu msiliguse. Na asitumiwe kwenye simu. Aje asikilizie humu ndani."

Halafu akauliza swali la karani. "Nakala zipo?"

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Watu wa kazi yangu, folda ikiwa kwenye kompyuta moja na wakaziruhusu kompyuta nyingine kuifungua kupitia mtandao, husema wameishea. Folda haihami. Inabaki pale pale ilipo, wengine wanaitembelea tu. Ningemwambia baba nimeishea, angenibana: umeifanya nini? Ningelazimika kueleza, na yeye karani angeng'amua papo hapo kwamba jalada ni moja na nakala hakuna. Lakini nilitaka kumfurahisha. Mzee anakaribia kunyang'anywa sauti, nimpe walau Kiswahili kilichonyooka. Nikasema, "Nimeigawa, baba. Nimewagawia wote."

"Umewagawia wote?"

"Wote."

Akatikisa kichwa polepole, ameridhika. Kwake yeye, na kwa mtu yeyote aliyenyonya Kiswahili chenye akili, kitu kilichogawiwa watu wote kila mmoja anacho mkononi. Mimi nilijua hakiko hivyo. Nilijiambia jioni nitatengeneza nakala za kweli. Jioni akaja mteja na laptop iliyomwagikiwa chai.

Baba hakurudi Mbeya akiwa mzima. Nimekosea, alikwenda mzima, hakurudi mzima. Ilikuwa kifuku, barabara ya bondeni imekatwa na matope, simu ya dada haipatikani, na habari zilimfikia tumeshazika. Alimpigia mama simu. Mama akashikilia simu sikioni, wanalia tu, mpaka salio la dada likaisha.

Siku moja kabla ya kumaliza msiba nilikaa na laptop yangu nikafungua ule ujumbe wangu. Dakika kumi na moja. Nusu nzima ilikuwa juu ya bati za jiko zinazovuja na namna ya kuzigeuza. Kisha akasema, "Wewe una mdomo mwepesi. Mtu akikuuliza jambo, msikilize kwanza anauliza nini." Nililia, sisemi uongo, kisha nikacheka, kwa sababu hata kaburini ananisahihisha. Lile la Mwanangu lilikuwa hapo chini yake. Sikuligusa. Laiti ningekuwa mkorofi! Ningekuwa mtoto asiyesikia la mkubwa, leo dada angekuwa na la kushika.

Siku ya kumaliza msiba, baba mdogo alisimamia ugawaji wa vitu. Koti kwa huyu, baiskeli kwa yule, redio ibaki kwa mama. Kompyuta akapewa kaka aipeleke Msanzi, atungie mitihani. Baba mdogo, mzee wa watu, akakumbuka kuuliza, "Na yale maneno ya marehemu yaliyomo humo? Yamegawanywa?"

Watu wote wakanigeukia mimi, fundi.

"Yamegawanywa tangu yeye mwenyewe yu hai," nikasema. "Kila mtu anayo."

Sikudanganya. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Siku ile nilikuwa nimelisikiliza la kwangu kwenye laptop yangu jana yake tu, kwa masikio yangu, na lile neno nililompa baba nilikuwa nimelirudia mara nyingi kwa mama, kwa kaka, kwa shangazi, mpaka likawa kweli kichwani mwangu. Kesho yake nikachomoa nyaya, nikaibeba kompyuta mwenyewe mpaka kwenye gari la Msanzi, nikaifunga kwa blanketi isigongwe.

Mwezi wa nne kaka alinipigia. Nilikuwa dukani, printa ya mteja imekula karatasi, mwenyewe ananisimamia kichwani.

"Mdogo wangu, hii mashine inasuasua, virusi vimejaa. Kuna mwalimu hapa anataka kuipiga windows upya. Yale mafaili ya baba unayo?"

Niligeuza macho kwenye laptop yangu. Kialama cha folda kilikuwa pale kwenye kioo, kimeandikwa Baba, na kimshale chake kidogo pembeni.

"Ninayo, kaka, nayaona hapa."

"Una uhakika? Maana ikishapigwa windows kila kitu kinafutika..."

"Bwana, si nilishasema siku ile mbele ya watu! Mimi ndiye fundi au wewe? Piga!"

Akasema haya, na akakata simu.

Dada alikuja mwezi wa sita. Mama ndiye aliyemshawishi, alikuwa amemwambia kila alipoweza: baba yako amekuachia maneno, njoo uyasikie, sijui ni maneno gani, lakini njoo. Alishuka kwenye gari la asubuhi amejifunga kitenge juu ya kitenge, anatetemeka, maana bondeni kwa joto walikuwa wanalala bila shuka. Upepo wa hapa ukampokea. Nilivua nguo ya manyoya mwilini mwangu, nikampa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekonda."

"Wewe umenenepa mdomo," akasema, tukacheka kidogo. Miaka minane.

Hakutaka chai. Aliingia moja kwa moja chumba cha baba, akakaa kwenye kitanda, viatu amevivua mlangoni. Akanitazama. "Niwekee," akasema. "Kabla sijaghairi. Kama ni laana niijue, kama ni radhi niijue. Nimechoka kukisia."

Nikaweka laptop kwenye stuli mbele yake. Nikabofya ile folda. Kioo kikafikiri, kikafikiri, kisha kikaandika kwamba njia ya mtandao haikupatikana.

"Subiri," nikasema. "Ni mtandao tu huu."

Nikaenda sebuleni nikavua kitambaa cha mama kwenye ruta. Nikaizima, nikahesabu mpaka kumi, nikaiwasha. Nikarudi, nikabofya. Haikupatikana. Nikaangalia waya, taa inawaka kijani. Nikajaribu intaneti, ipo, inakimbia vizuri kabisa. Nikaita ile kompyuta kwa jina lake la mtandao, kwa ile amri ya kugonga hodi tunayotumia mafundi. Haikuitika. Nikaigonga tena. Nikazima kinga za laptop, nikawasha, nikabadilisha waya. Nilikuwa natokwa jasho kwenye baridi ile, huku nikiongea, maana mimi nikibabaika naongea: "Hizi ruta, unajua, dada, mama naye na vitambaa vyake, dakika moja tu." Yeye amekaa, mikono kwenye magoti, ananisubiri.

Nikagonga hodi mara ya nne. Ndipo mikono yangu ikasimama yenyewe. Nilikuwa namgongea nani? Pale kwenye meza ya baba palikuwa na alama ya mraba kwenye vumbi, mahali kompyuta ilipokuwa imekaa. Nilikuwa natafuta katika chumba kile mashine niliyoifunga blanketi kwa mikono yangu nikaipeleka Msanzi.

"Kuna nini?" dada akauliza.

Nikasema natoka kidogo. Nikampigia kaka nikiwa nimesimama kwenye mahindi nyuma ya nyumba.

"Kaka, ile mashine, mliipiga windows?"

"Siku ile ile. Wewe si ulisema..." Nilisikia watoto wa shule wakipiga kelele nyuma yake. Kisha akasema taratibu, "Nilikuuliza."

Kesho yake nilikwenda Msanzi. Dada nilimwambia ukweli nusu, kwamba mafaili yako kwenye kompyuta ya kaka na nakwenda kuyachukua. Ziko programu za kufukua vilivyofutwa, na mara nyingine hufukua kweli, ikiwa hakijaandikwa kitu juu yake. Kaka alikuwa ameandika miezi miwili. Nilianza asubuhi, umeme ukakatika saa nne, ukarudi, nikaanza upya. Kaka alikaa kiti cha pili, hakunilaumu hata kidogo, na ningependa angenilaumu. Shemeji akatuletea ugali na maharage, ukapoa.

Ilifukua mitihani ya Jiografia. Ilifukua barua za pensheni za baba, zimekatika katikati. Ikafukua majina matupu yasiyo na kitu ndani. Kuelekea jioni likatokea faili moja la sauti, zima, halina jina. Kaka akanishika bega. Tukalifungua. Ilikuwa kwaya ya wanafunzi wake, wanafanya mazoezi. Nililisikiliza mpaka mwisho, nikitumaini baba atakohoa mahali fulani katikati, na kaka aliniacha nilisikilize.

Niliporudi mjini dada na mama walikuwa barazani wanachambua maharage kwenye ungo. Nikakaa kwenye gogo nikawaambia. Niliwaambia yote, hata lile neno kugawa, hata printa, hata "mimi ndiye fundi au wewe." Mama aliacha kuchambua. "Hata wewe hukusikiliza?" akauliza. "Na ulivyo mmbeya?"

"Alitukataza, mama."

"Siku hiyo ndiyo ukatii," mama akasema, akainuka akaingia ndani.

Dada aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe, akalitupa. Akatoa lingine. Mimi nikakumbuka kitu na nikakishika kama mtu anayezama.

"Jina la faili nalikumbuka," nikamwambia. "Alilichapa mwenyewe. Mimi aliniandika Wa pili. Kaka akamwandika Mkubwa. Wewe alikuandika Mwanangu. Unasikia? Yeye aliyesema hana binti, aliandika Mwanangu."

Nilidhani atalia. Alinitazama kwa macho makavu.

"Kaka, siku ile ulifika mwisho. Hukusikia mwanzo. Alianza hivyo hivyo. 'Mwanangu,' akasema, 'kuanzia leo sina binti.' Mzazi akitaka kukubariki anaanza na mwanangu, na akitaka kukulaani anaanza na mwanangu. Sasa hilo unanipa la nini?"

Niliinama nikaokota moja ya yale mawe. Mimi, mwenye mdomo wangu wote. Ungo ukaenda huku na huko mikononi mwake, maharage yakilia. Baadaye akauliza bila kuinua kichwa, "Lilikuwa refu?"

Mle kwenye orodha, pembeni ya jina, kulikuwa na muda wa kila faili. Nililipita lile la tatu kwa macho mara nyingi nikitafuta la kwangu.

"Dakika ishirini na mbili," nikasema.

Akasimamisha ungo. "Ishirini na mbili?"

"Ndiyo. Mara mbili ya langu."

"Mtu hawezi kumlaani mtu dakika ishirini na mbili," akasema. "Na koo lile."

"Hawezi."

Akashuka kesho yake, nguo yangu ya manyoya akaenda nayo. Mama huenda kumwona bado, sasa bila kumdanganya mtu, na akirudi hunipa habari za wapwa zangu. Anasema wakimuuliza mama yao babu alikuwa mtu wa namna gani, huwaambia alimwachia maneno ya dakika ishirini na mbili, ila mashine ikaharibika. Hasemi ni mimi niliyeyapoteza. Zilikuwa ishirini na mbili, au zilikuwa mbili, mimi sijui. Sikuwahi kuangalia.